Ukurasa wa Mzee Gidahosh

Ijumaa, kipindi cha mwisho, Mwalimu Mectilda aliwapa kidato cha tatu kazi ya historia: kila mmoja amfungulie mzee wa ukoo wake aliyekwisha kufariki ukurasa mtandaoni, aandike kwa sauti ya mzee huyo. Simu shuleni ni marufuku, kwa hiyo watumie za wazazi. Alama ishirini.

Glory, wa kijiji cha Getanuwas, alimchagua babu yake, Gidahosh. Kabla hajaandika neno, babu aliandika mwenyewe. Aliuliza habari za mvua, akauliza ng'ombe, kisha akasema trekta limempitia tena kifuani.

Kaburi lake lilikuwa tuta refu la udongo, ukoo mzima ulilijenga kwa miezi, kama Wabarabaig wanavyowafanyia wazee wenye heshima. Likaja shamba kubwa la ngano, tuta likasawazishwa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mwenye shamba alipishwa mpaka makaburini.

Bibi yake Glory alikuwa mgonjwa. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa: kummwagia mumewe pombe ya asali kaburini.

"Muulize alipo," alisema.

Babu akatuma lokesheni. Ilikuwa katikati ya ngano.

Jumatatu Mwalimu Mectilda aliwasindikiza Glory na bibi hadi shambani. Meneja, Bwana Urban, alitoka getini akaisoma simu kwa makini.

"Ndiye," alisema. "Huwa namwona asubuhi. Ila mwalimu, marehemu ana hati ya eneo?"

"Hana."

"Basi hapo ni ngano tu."

"Mwanangu, nina siku chache," bibi alimsihi. "Niache nimmwagie tu, nirudi."

"Pole sana, mama."

Walinzi walimwamkia bibi shikamoo kwa heshima zote, na geti hawakulifungua. Alikaa chini, kibuyu mapajani, akalia mpaka sauti ikakauka. Glory hakujua amshike wapi.

Bibi alifariki Alhamisi, pombe ikiwa bado kibuyuni. Walimzika nyumbani. Mwalimu Mectilda alimpa Glory kumi na tisa; moja aliikata kwa sababu hakuandika yeye.

Msimu wa kulima ulipofika, babu aliandika tena: "Mwambieni dereva apite taratibu. Siku hizi tuko wawili."

Dereva, Hermani, aliusoma ujumbe ukurasani, akaweka alama ya dole gumba, akawasha trekta.