Waya Mwekundu wa Ghorofa ya Sita

Kilichonitia kichefuchefu kwanza ni harufu. Lifti haitakiwi kunukia. Kwa miaka thelathini na moja niliyoijua, lifti ya jengo letu ilinuka grisi, ngozi ya breki iliyoungua na jasho la watu wanaotoka kazini, na sikumbuki mtu aliyekufa kwa harufu hiyo. Siku ile ilinuka maua ya kwenye chupa. Wenye jengo walikuwa wameikarabati na kuipulizia marashi kama maiti.

Shaba ilikuwa imesuguliwa hadi unajiona meno. Mbao zimelishwa vanishi, tabaka juu ya tabaka. Mlango wa ndani wa kizimba cha abiria, ule wa kukunja, waliung'oa kabisa, eti unaficha nakshi. Ukiingia unasimama wazi kama bidhaa kwenye kabati la duka. Kinachokutenga na shimo ni ile milango ya nyavu za chuma ya kila ghorofa, basi.

"Imependeza, sivyo?" Meneja aliniuliza. "Leo, Mzee Kelele, nakuomba kitu kimoja tu. Tabasamu."

Kelele ni mimi. Jina nilipewa na wapangaji kwa sababu ya barua ninazobandika kwenye kuta za ngazi. Nilikuwa fundi wa lifti hii. Shule ya ufundi sikuiona hata mlango. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kitabu cha mashine ambacho jalada lake lililiwa na panya. Walinifukuza, nikabaki mpangaji wa chumba cha chini, na tangu hapo nawaandikia. Sisahau. Niulize maji yalikatika lini, nitakwambia siku, saa, na uongo tulioambiwa.

Sasa walikuwa wameniita niwe pambo la uzinduzi wa lifti iliyokarabatiwa. Wamenivisha koti jekundu lenye vifungo vya shaba na kofia, ili wageni wapige picha na "kumbukumbu hai ya jengo". Koti lenyewe linabana kwapani. Nilikubali kuvaa takataka ile kwa sababu moja tu: dada yangu.

Dada anakaa ghorofa ya sita. Ni mjane wa shemeji yangu, aliyekuwa mwendesha lifti hii enzi za mkono wa kuzungusha. Magoti yake yamegoma. Miezi mitano ya matengenezo hakukanyaga ardhi. Mboga, dawa, habari za mtaa, vyote nampandishia mimi kwa ngazi. Walikuwa wamemwahidi atakuwa abiria wa kwanza. Nami nilikuwa nimeapa hatatia mguu kwenye kizimba kile kabla sijakikagua kwa macho yangu.

Kwa hiyo nilimwambia Mhandisi wao, "Nipandishe kwenye chumba cha mashine. Kumbukumbu hai inataka kuona ilikotoka."

Alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu safi, na mikono yake ilikuwa safi kuliko inavyofaa.

Chumba cha mashine kiko juu ya paa. Zamani ungekisikia kabla hujakifikia: gurudumu la kamba likinguruma, swichi zikigonga ubaoni kama wanawake kumi wanaotwanga. Sasa kimya. Gurudumu langu, ambalo nililipaka grisi kila Jumatatu, walikuwa wamelipaka rangi ya dhahabu na kuliegemeza ukutani ili watu walitazame. Mahali pake pamekaa kitu kidogo, kama sufuria yenye mfuniko, na kando yake kabati jeupe lenye namba zinazowaka.

"Hiyo ndiyo inavuta?" nikauliza.

"Hiyo hiyo. Nguvu mara mbili, umeme nusu. Na hutaisikia, mzee. Hata paka hatashtuka."

"Na waya za milangoni? Komeo za kila ghorofa, zinazoizuia lifti kuondoka mlango ukiwa wazi?"

"Mfumo wote umeunganishwa."

"Sijauliza kama umeunganishwa. Nauliza kama kuna mtu aliyefungua visanduku vya komeo."

Alitazama simu yake. "Mzee wangu, vile visanduku ni vya kihistoria. Tumeagizwa tusiviguse."

Wamenunua ubongo mpya, wakaufunga kwenye mishipa ya miaka sitini, kisha wakaiita mishipa hiyo historia! Nilitaka kumtemea mate kwenye sufuria yake. Badala yake nilishuka ngazi hadi ghorofa ya sita kumzuia dada.

Nilichelewa kidogo. Alikuwa ameshatoka chumbani, amevaa gauni la harusi ya binti yake, fimbo mkononi. Lifti ilikuwa imesimama pale, inang'aa, inamsubiri. Chini, ukumbini, nilisikia wageni wakipiga makofi kwa sababu mtu fulani alikuwa amemaliza kuzungumza.

"Dada, ngoja kwanza."

"Nimengoja miezi mitano, mdogo wangu. Ningoje nini tena? Nife nishuke kwa machela?"

"Sijamaliza kukagua."

"Wewe hujawahi kumaliza. Hata siku ya harusi yangu ulikuwa unakagua viti." Akanitazama koti, akaguna. "Na hivyo vifungo! Mume wangu alivaa koti kama hilo akawa bwana. Wewe umekuwa birika."

Alivuta mlango wa nyavu mwenyewe. Akaweka fimbo ndani ya kizimba, kisha akaanza kuinua mguu, taratibu, kama anavyoinua siku hizi. Hapo ndipo sakafu ya kizimba ilipoanza kushuka.

Haikunguruma wala kugonga. Mlango ulikuwa wazi, umeshikwa kwa mkono wake, na lifti ikaondoka kana kwamba umefungwa. Mtu alikuwa ameiita kutoka chini. Nilimdaka dada kwa gauni, kwa nywele, sijui kwa kipi, nikamvuta tukaanguka wote chali. Fimbo ilibanwa kati ya paa la kizimba na sakafu yetu, ikavunjika kwa mlio mkavu, kipande kimoja kikaenda shimoni.

Dada hakupiga kelele. Alikuwa anatazama lile pengo tupu, mguu mmoja hauna kiatu.

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilitukana matusi yote ninayoyajua. "Pandeni!" nikapaza sauti kwenye ngazi. "Pandeni muone uchafu wenu! Nimewakamata leo!" Na sitaficha: ndani ya hofu ile kulikuwa na furaha. Miaka yote ya barua, na sasa nina ushahidi.

Walipanda wakihema, Meneja mbele, Mhandisi nyuma yake, wageni na wapangaji wamejazana kwenye ngazi. Nilitoa bisibisi. Huwa natembea nayo hata kwenye koti la birika. Kisanduku cha komeo kiko juu ya mlango, kimepakwa vanishi hadi kwenye skrubu. Ilibidi nibandue ganda kwanza. Yaani walikipamba bila kukifungua. "Mnaona?" nikasema. "Wanapaka rangi mlango wa choo, ndani hawafagii!" Watu wakacheka.

Kifuniko kikatoka.

Ndani kulikuwa na waya mwekundu, mfupi kama kidole, umeruka kutoka skrubu moja hadi nyingine. Kazi yake ni kuidanganya mashine: mlango umefungwa, ondoka. Ncha zake zilikuwa zimesokotwa mara tatu, kisha zikakunjwa kuelekea kushoto.

Ni mtu mmoja tu niliyemjua anayesokota hivyo. Natumia mkono wa kushoto.

Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Shaba za komeo la ghorofa ya sita zilikuwa zimelika, hazigusani, lifti imekataa kuondoka, na meneja wa wakati ule, baba yake huyu, alikuwa na wageni. "Weka waya," aliniambia, amesimama palepale aliposimama mwanawe. "Kwa leo tu." Nikaweka. Nilimwambia shemeji peke yake. Akasema usijali, mkono wangu ndio komeo, mlango ukiwa wazi siondoki. Na hakuondoka, hadi alipostaafu, hadi alipokufa kwa presha kitandani kwake. Nami, kesho yake ya kuuweka ule waya, nilikuwa na kazi nyingine, sikuutoa. Keshokutwa pia. Mimi nisiyesahau maji yalikatika lini!

"Umeona nini?" Meneja aliuliza.

Hakuna aliyekuwa karibu kiasi cha kuona. Ningeweza kusema ni wao, na jengo zima lingeniamini. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini dada alikuwa ameketi sakafuni, kiatu mkononi, ananitazama mimi, si kisanduku. Ananijua tangu nilipokuwa namwibia sukari.

"Ni waya wangu," nikasema. "Niliuweka mimi. Hawa hawakufungua kuangalia. Lakini niliuweka mimi."

Nilinusa yale maua kutoka shimoni na nikaona kinyaa, safari hii si kwa lifti. Nikashusha swichi ya umeme ya ghorofa, nikakata waya kwa koleo. Nilipofunga mlango na kurudisha umeme, Mhandisi alibonyeza kitufe mara moja, mara mbili. Lifti haikusogea. Shaba zilikuwa zimelika vilevile kama zamani.

Meneja alinisogelea hadi nikasikia pumzi yake. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu. "Sawa, kosa ni lako, umekiri mbele ya mashahidi," alinong'ona. "Haya basi. Wageni wapo. Urudishe. Kwa leo tu."

Sauti ya baba yake, neno kwa neno. Niliukatakata ule waya vipande vinne, nikavitupa shimoni kimoja kimoja huku anatazama. Kisha nikavua koti nikamtundikia begani. Mhandisi, nitampa haki yake, alikwenda mwenyewe kuzima swichi kuu na akaanza kufungua kisanduku cha ghorofa ya tano.

Dada alinyoosha mkono nimwinue.

"Mume wangu alijua?"

"Alijua."

"Miaka yote hiyo napita hapo na wajukuu mgongoni."

"Ndiyo, dada."

Alivaa kiatu chake. "Leo nashuka," akasema. "Nishike. Ghorofa sita ni ndefu, utanieleza yote, uanze mwanzo. Na usinihutubie."

Tukaanza, ngazi moja, kupumzika, ngazi nyingine, na watu wakitupisha ukutani, wengine wamesimama chini ya barua zangu. Nilimweleza. Tulipofika ghorofa ya nne aliuachia mkono wangu, akashika reli. Hakuacha kushuka.