Mafundo ya Asmar

Sikukuu ya Vibanda ilipokwisha, ua mzima ulibomoa vibanda vyake isipokuwa Murad. Chake kilibaki kimesimama kando ya kisima, makuti yamenyauka juu, mashuka yamelowa mvua ya kwanza, na mwenyewe ameketi chini humo ndani, bila viatu, shati limechanwa kifuani kama afanyavyo mfiwa.

Tangu ujana Murad alikuwa mchukuzi katika soko la Yerusalemu, na kamba iliyofunga kibanda kile ndiyo aliyobebea mizigo. Aliyeifunga ni Asmar, mkewe. Alikaza fundo la mwisho, akasema mkono unamuuma, akaenda kulala. Asubuhi ya mkesha wa sikukuu hakuamka.

Hapo ndipo wakubwa wa sinagogi walipoonyesha mbio zao. Ovadia, msimamizi, aliliharakisha jeneza kama mtu aliyeacha chungu motoni, maana naye alikuwa na kibanda cha kupamba. Wakamzika alasiri. Murad akakaa chini kuanza siku saba za matanga. Alikuwa bado ameshika yai la msiba, chakula cha kwanza cha mfiwa akitoka kuzika, Ovadia alipotokea mlangoni.

"Inuka, Murad. Jua linazama, sikukuu inaingia. Matanga yamekwisha."

"Yamekwisha? Hata sakafu haijapata joto!"

"Ndiyo sheria. Ukishakaa hata kidogo, sikukuu inafuta siku zilizobaki."

Na sheria hiyohiyo, Murad alikuja kuambiwa baadaye, ingempa siku zake zote saba kama Asmar angezikwa sikukuu ikiwa imeshaingia. Angekaa matanga sikukuu ikishapita. Wangengoja tu. Lakini wanaongojewa ni wenye majina. Mke wa mchukuzi hukimbizwa. Kisha wiki nzima wakamwambia afurahi, eti ni amri. Akala wali wao, akaitikia nyimbo zao, moyoni anatukana.

Sasa alikuwa amekaa, na hakuna aliyekuja kumpa pole.

"We Murad!" Habiba, jirani, alimwita dirishani. "Unamngoja Masihi humo? Nataka kuanika nguo!"

"Anika kichwani kwangu."

Habiba akafunga dirisha. Jioni akaja Ovadia na kisu.

"Baba, watu wanasema. Kukaa kibandani baada ya sikukuu ni kuongeza juu ya Torati. Na matanga hayarudi."

"Hao watu hawana miguu? Mbona hawajaja?"

"Waje kufanya nini? Kisheria huna msiba."

Murad akacheka, kicheko kibaya. Ovadia akaona aibu, akapeleka kisu kwenye kamba. Mkono wa mchukuzi ukamdaka.

"Usikate. Alifunga kwa mkono, nawe fungua kwa mkono."

Ovadia akajaribu. Mvua ilikuwa imeyakaza mafundo yakawa kama jiwe. Akainama, mgongo ukamkatalia, akapiga magoti, mwisho akaketi palepale kwenye matope na joho lake la sala.

"Huyu mama," akahema, "alifunga kibanda au alifunga ngamia?"

"Alizoea kunifungia mzigo," Murad akasema. "Kila alfajiri. Hakuna uliowahi kuanguka."

Ovadia alifungua kinywa, akakifunga. Kwa desturi, anayeketi mbele ya mfiwa humwacha mfiwa aseme kwanza.

Murad akasema. Jinsi Asmar alivyokuwa akivuta kamba kwa meno, goti kamwekea kiunoni. Jinsi alivyomsuta mumewe siku alipobeba kabati la mdeni wao bure. Jinsi kitanda kilivyo kipana sasa. Ovadia vidole vyake vilisimama kwenye fundo, macho yakatazama chini.

Huko nje watu walianza kuita. Wakati wa sala ya jioni ulikuwa umefika, na ufunguo wa sinagogi ulikuwa mfukoni mwa Ovadia.

"Nenda, wanakungoja," Murad akamwambia.

"Watangoja."



"Kumbe mnajua kungoja," Murad akasema.

Ovadia akarudisha vidole kwenye kamba. Fundo lilikuwa bado halijalegea, na Murad akaendelea kusimulia, uso ameugeuzia shuka.