Rangi Chini ya Skrubu

Wenzake walipokwenda kula, Mzee Nyuzi alibaki juu ya ngazi, shingo imekakamaa, akikwangua rangi kwenye bomba la chuma kwa kisu alichokichukua jikoni kwa mkewe bila kuomba. Unga wa kijivu ulimwingia machoni na mdomoni. Alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akarudisha kiungo, akakaza skrubu yake ndogo kwa bisibisi, akashuka, akasogeza ngazi hatua mbili, akapanda tena. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na magoti yake yalikuwa yamezeeka kumzidi.

Chini yake alipita Mama Mashuka, dobi wa zamu ya mchana, akisukuma toroli la shuka mbichi kutoka jengo la zamani la kufulia kwenda kuzianika.

"Fundi, leo tena unamenya mabomba? Kwani viazi vimeisha sokoni?"

"Namenya ili usije ukakaangwa wewe."

Wakacheka wote wawili.

Jina la Mzee Nyuzi alipewa na vijana wa kazini, kwa kejeli. Mchoro wa jengo hili jipya la kufulia ulitaka mabomba ya kupitishia waya za umeme yakatwe nyuzi mdomoni, ile mikato ya kuzunguka inayofanya bomba liingie kwenye kiungo kama kifuniko kwenye chupa, chuma kikashikana na chuma pande zote. Kontrakta akaleta viungo vya skrubu. Hivi unachomeka bomba, unakaza skrubu moja ubavuni, umemaliza. Havina dhambi vyenyewe. Mahali pakavu, palipotulia, penye waya wake wa ardhi, vinakaa miaka na miaka. Lakini hapa sakafu ingekuwa maji matupu, mashine za kukamulia nguo zingetikisa mpaka kuta, na waya wa ardhi haukuwekwa, kwa sababu mchoro ulitegemea bomba lenyewe lichukue umeme uliopotea na kuupeleka ardhini. Kama hiyo haitoshi, mkubwa mmoja aliyependa vitu vya kung'aa aliamuru mabomba yapakwe rangi yangali yamelala chini, kabla ya kufungwa. Skrubu zikang'ata rangi, isiyopitisha umeme, badala ya chuma.

Mzee Nyuzi alilisema hilo siku ya kwanza tu.

"Mzee, taa zinawaka haziwaki?" aliuliza msimamizi, kijana aliyeingia jengoni kwa viatu vya kwendea harusini.

"Zitawaka, bosi. Shida ni siku waya utakapochubuka humo ndani. Umeme utakaa kwenye bomba na kwenye mwili wa mashine, unamsubiri mtu. Nipe viungo vya nyuzi. Au nipe waya wa ardhi. Au basi nipe wiki mbili nikwangue hii rangi."

"Wiki mbili! Unataka kukwangua au kupumzika?" Vijana wakaangua kicheko, naye akafurahi kuchekewa. "Nyuzi zako ni nusu saa kila bomba. Skrubu, dakika mbili. Mwenye jengo anafungua mwisho wa mwezi. Ukiona kazi ngumu, getini wapo watu."

Watu getini walikuwapo kweli, kila asubuhi, mifuko ya zana begani. Mzee Nyuzi alikuwa amesimama nao miezi saba. Ndiyo maana hakubishana tena. Akaamua kukwangua saa ya kula, bila kumwomba mtu ruhusa wala malipo. Viungo vilikuwa mia mbili na kumi.

Alipofika cha mia moja sitini na tatu aliitwa ofisini. Mezani palikuwa na fomu ya ukaguzi inayotaka namba ya leseni. Kati ya mafundi wote pale, mwenye leseni alikuwa yeye peke yake.

"Weka sahihi hapo, karatasi zitangulie," alisema msimamizi. "Huko kukwangua kwako utamalizia."

"Nikimaliza nitasaini. Hazizidi siku nne."

"Mzee, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Usinifanye nikakukosea adabu."

Mzee Nyuzi aliitazama kalamu. Akamkumbuka mkewe, ambaye katika ile miezi saba alijifunza kusema ameshiba. Akasaini. Alijua amekosea wino ungali mbichi, lakini alijipa moyo kwamba siku nne si nyingi, na nani atamzuia mtu kufanya kazi ya bure?

Kesho yake mlinzi alimpokea getini na mfuko wake wa zana.

"Wamesema kazi yako imeisha, mzee wangu. Na usiniulize mimi."

Vilibaki viungo arobaini na saba, vyote juu ya mashine za kukamulia.

Alikwenda ofisi ya ukaguzi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu karani akamsikiliza.

"Malalamiko ya jengo hili yanaletwa na fundi aliyelisaini."

"Ndiye mimi."

Karani akaifungua fomu, akaitazama sahihi, akamtazama na yeye. "Kwa hiyo umekuja kuishtaki kazi yako mwenyewe? Nenda nyumbani, mzee. Kapumzike."

Jengo lilifunguliwa. Mashine zikatikisa usiku na mchana, skrubu zikalegea moja moja, waya ukasuguliwa kwenye ukingo wa bomba mpaka ukabaki uchi. Mwezi wa tatu baada ya ufunguzi, Mama Mashuka alishika mlango wa mashine ya kukamulia kwa mkono uliolowa.

Mzee Nyuzi alizisikia habari kwa mlinzi yuleyule. Siku iliyofuata akaletewa barua ya kuitwa mbele ya kamati ya uchunguzi. Kabla ya kwenda huko, alikwenda wodini.

Mkono wa kulia wa Mama Mashuka ulifungwa bandeji mpaka kiwiko. Vidole viwili vilikuwa vimeshakatwa, vilivyobaki daktari alikuwa bado anaviangalia.

"Pole sana, mama."

"Nishapoa, Fundi. Kaa."

Hakuwa na hasira naye, na hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa. Akakaa. Mama Mashuka akatoa karatasi chini ya mto kwa mkono wa kushoto.

"Msimamizi wenu wa ujenzi kaileta asubuhi. Kasema nikisaini, kampuni yake inalipa matibabu yote, na nikipona mwenye jengo atanipa kazi ya kukunja shuka. Nisiposaini, kesho nitoke hapa. Jioni anairudia. Nisomee basi, miwani yangu ilivunjika nilipoanguka."

Mzee Nyuzi akaipokea, akasoma.

"'Mimi, dobi niliyetajwa hapo juu, nathibitisha kwamba kwa siku nyingi, wenzake wakiwa hawapo, nilimwona fundi mwenye leseni akilegeza viungo vya mabomba na kuvikwangua kwa kisu.'"

Hapo akaishusha karatasi. Kwenye kitanda cha pili mtu alikuwa akikohoa.

"Mbona huo si uongo," alisema Mama Mashuka polepole. "Nilikuona."

"Uliniona."

"Kwani hasa ulikuwa unafanya nini kule juu?"

Akamweleza: rangi, skrubu, bomba, vile arobaini na saba. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ambavyo angeieleza kamati. Mama Mashuka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikisaini, wanakufunga."

"Hawajasema hivyo."

"Lakini watakufunga."

"Nadhani."

"Na nisiposaini?"

Mzee Nyuzi aliutazama ule mkono. Harufu yake ilipenya bandeji na dawa zote. Alitamani sana kusema neno moja la kujitetea, akalitafuta, akaona gharama ya kila alilolipata ingelipwa na huyu mama.

"Unatoka kesho," alisema.

"Nina watoto watatu, Fundi."

"Najua."

Mama Mashuka alilia kidogo, bila sauti, kisha akaiokota kalamu kwa mkono wa kushoto. Mkono huo haukuwahi kuandika. Kila alipoigusisha kalamu, karatasi iliteleza juu ya blanketi na kumkimbia. Alijaribu mara tatu. Mzee Nyuzi akainama, akaikandamiza kona ya karatasi kwa kiganja chake, na kwa kidole cha mkono wa pili akamwonyesha mstari.