Tone la Kisima cha Bondeni

"Tutaandika kwamba kadi hizi zimechafuka," Gabrieli alisema, akizitia kadi tatu kwenye bahasha. "Mama Nestori, wewe ulikuwa unaosha dhahabu. Mikono yako ina zebaki."

Donatille aliitazama mikono yake. Ni kweli, kwa miaka sita aliukanda mchanga wa machimbo pamoja na zebaki kwa viganja vitupu, na ni miaka minne sasa tangu aache. Hakumficha mtu. Alilisema siku ileile mradi ulipomwajiri kupima visima vya kitongoji chao, upande wa Kasokola, na Gabrieli huyuhuyu, msimamizi, alicheka akasema ndiye wanayemtaka, maana zebaki anaijua kwa sura.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Kadi ilikuwa kipande cha karatasi kama tiketi ya basi, kimechorwa kijia kwa nta ili maji yasisambae ovyo. Unadondosha tone moja, unatulia. Husukumi, hupulizi. Karatasi inakunywa maji taratibu, tope linabaki nyuma, na maji yaliyochujika yanafika mwisho kwenye mistari myeusi ya wino unaopitisha umeme. Hapo unaichomeka kadi kwenye kifaa kidogo kilichounganishwa na simu. Maji mazuri yanaleta rangi ya kijani kwenye simu, yenye zebaki nyingi yanaleta nyekundu. Wawili waliomtangulia waliharibu kadi kwa pupa. Yeye hakuwahi kuharibu hata moja.

Glovu ziliisha wiki tatu zilizopita. Alitoa taarifa mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa anawe kwa sabuni aendelee. Akaendelea. Visima kumi na kimoja alivipima kwa mikono hiyohiyo, vyote kijani, na Gabrieli akamsifia. Leo kisima cha bondeni, kilicho chini ya dimbwi la mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kimeleta nyekundu mara tatu, na ghafla mikono imekuwa michafu!  Kwenye kisima hicho ndiko anakoteka maji mkwewe Aline kila asubuhi, na Aline ana mimba ya miezi saba.

 Alichota kikombe cha maji ya mvua kwenye pipa la uani, akafungua kadi mpya. Gabrieli akamkumbusha kwamba kadi zinahesabiwa. Alifanya kama hasikii. Alichovya vidole vyote vitano kwenye kikombe, akavisugua humo, kisha akadondosha tone na kukaa kimya. Maji yalitambaa ndani ya karatasi, yakafika kwenye wino. Akaichomeka kadi.

Kijani.

"Sasa dondosha wewe," alisema, akimsogezea chupa ya maji ya kisima.

Gabrieli alisita, kisha akafungua mkoba wake na kutoa glovu. Zilikuwa mpya, bado ziko kwenye mfuko wake. Donatille aliziona, akazitazama mpaka kijana wa watu akainamisha macho. Alizivaa, akadondosha. Walisubiri bila kutazamana.

Nyekundu.

Gabrieli alivua glovu polepole. Alianza kueleza kwamba majibu lazima yapitie kwa wakubwa, kwamba kikao ni mwezi ujao, kwamba mwenye karasha naye ana haki ya kusikilizwa. Kwa sasa ni vizuri asiwatie watu hofu.

"Na mkwe wangu anywe nini mpaka mwezi ujao?"

"Mama, mimi nafuata utaratibu tu."

"Utaratibu ulikuwa wapi glovu zilipoisha?"

 Donatille alizichukua kadi mbili za mwisho, ya maji ya mvua na ya maji ya kisima, akateremka bondeni peke yake. Kamba ya kisima ni ya wote na haiondolewi. Hata walevi wa kitongoji wanalijua hilo. Yeye aliifungua kwenye gogo, akaikunja yote, akakaa juu yake.

Wanawake walipofika na ndoo zao, waliuliza kwanza kwa utani. Walipoona hacheki, wakapandisha sauti. Mmoja alimwambia nyie mliosoma semina mbili mmeshakuwa wenye visima. Mtoni ni mwendo wa saa nzima, nani atakwenda? Donatille aliwaonyesha kadi, akawaeleza mara ya kwanza, akawaeleza mara ya pili. Matusi yalimwingia. Hakunyanyuka.

Aline alikuja wa mwisho, akitembea kwa kujivuta. Aliwapita wenzake, akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Nyekundu, mama?"

"Nyekundu, mwanangu."

Aline aliinama akachungulia kisimani, mkono tumboni.  Kisha aliiweka ndoo tupu kichwani, akageuka, akaishika njia ya mtoni.