Projekta Haitoki Nyumba Hii

Tihomir hakubisha hodi. Aliingia na viatu vyake vyenye theluji hadi katikati ya sebule ya shemeji yake, akaukazia macho ukuta mtupu.

"Projekta bado inajizima?"

"Inajizima," akajibu Vukosava.

"Basi yameisha. Nawapigia simu wageni sasa hivi kabla hawajafika hapa, slava mwaka huu iko kwangu. Kaka hayupo, mashine imekufa. Waje hapa watazame nini, shemeji? Masufuria yako?"

Damu ilimpanda Vukosava kichwani. Tangu aolewe, slava, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo, ilifanyika katika sebule hii. Baada ya mlo mumewe Blagoje aliwasha projekta, na ukoo wote ukajiona ukutani, slava za zamani, marehemu wakila samaki na kutaniana na walio hai. Sasa Blagoje hajamaliza hata mwaka kaburini, na mdogo wake keshaitolea macho sikukuu yake! Slava ikishatoka kwa mjane, mjane naye anakuwa mtu wa kualikwa, akikumbukwa. Vukosava alilijua hilo vizuri, na Tihomir pia.

"Au lete niifute," Tihomir akasema, akichomoa kichupa cha rakija mfukoni.

Rakija tena! Kwao pombe hiyo ya plamu ni dawa ya kila kitu: kifua kikibana wanasugulia, jino likiuma wanasukutua, dirisha likichafuka wanafutia. Slava iliyopita Tihomir aliifutia lenzi, mbele za watu, kwa mbwembwe zote, na tangu siku hiyo kioo kina doa lisilotoka.

"Iguse uone!"

"Alaa! Utaitengeneza wewe? Kaka hakukuruhusu hata kuipangusa vumbi."

"Ndiyo maana imefika hapa ilipofika."

Vukosava aliichomoa kwenye umeme, akaigeuza, akafungua kifuniko cha ubavuni kwa ncha ya kisu. Chujio la hewa lilitoka jeusi tii. Mungu wangu! Kila vuli Blagoje alichoma pilipili hoho za ajvar, rojo ya kupaka mkateni, pale barazani, mlango wazi, na projekta iko rafuni karibu na mlango ikivuta moshi wote. Masizi yalikuwa yameshikamana na mafuta hadi hewa haipiti. Mashine ilikuwa inachemka tu, maskini, ndipo inajizima.

Alivuta uchafu kwa mashine ya kufyonza vumbi, akamalizia kwa brashi laini ya kunyolea ya marehemu. Matundu ya feni akayapuliza kwa kipira cha kusafishia pua za watoto. Lenzi akaipitishia kitambaa kikavu cha miwani, taratibu.

"Utaiua hiyo," Tihomir akasema.

"Ikifa, imefia kwangu."

Akaiwasha. Feni ikavuma. Walisubiri wote wawili, hakuna aliyeketi, na mashine haikujizima. Blagoje akatokea ukutani akimimina mvinyo, doa likiwa limemkalia begani.

Tihomir akacheka. "Ndiyo uchafu utakaowaonyesha watu?"

"Doa ni lako. Nitawaambia nani kaliweka, mwaka huu na miaka yote."

Kabla hajajibu, wageni wakaanza kuingia. Shangazi Persida alimbusu Vukosava mara tatu, akasema kwa sauti, "Heri ya slava, mwenye nyumba!" Tihomir akajifanya hakusikia.

Mshumaa uliwashwa, wote wakasimama kuuzunguka mkate wa slava. Huzungushwa na kumegwa na watu wawili, mwenye nyumba na mgeni, na siku zote mwenye nyumba huyo ni mwanamume. Tihomir alijikohoza, akasogea kichwani mwa meza, akanyoosha mikono.

Vukosava akauwahi.

"Shemeji, mwanamke hamegi..."

"Mkate nimeukanda mimi. Nyumba ni yangu. Mtakatifu akichukia, ataniambia mwenyewe."

Akamsogezea Tihomir ukingo wa pili wa mkate, macho yake makavu kabisa.

"Haya, baba. Shika upande wa mgeni."

Tihomir aliwatazama watu mmoja mmoja akitafuta wa kumtetea. Hakumpata. Akavua kofia, akaushika.