Kikombe Alichokitoa Mama Filemoni

Ukitaka kuwagombanisha watu wa Lulindi na watu wa Kitangari zamani zile za Mwingereza, hukuwa na haja ya kumtukana mtu. Uliuliza tu, kwa upole, kama mgeni asiyejua kitu, ni chuo gani kilichukua ubingwa mwaka wa hamsini na moja. Ukishauliza, ushike njia upesi, maana hapo hapatoshi.

Vyuo vya walimu vilikuwa viwili. Kimoja upande wa Masasi, cha watu wa Lulindi, kingine juu kwenye uwanda wa Newala, cha watu wa Kitangari, na watu waliokuwa wamechoka na majina marefu ya watakatifu waliviita Chuo cha Chini na Chuo cha Juu, basi. Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua vilikutana kugombea kikombe cha fedha, na aliyeshinda alijiita bingwa wa nchi nzima, ingawa nchi yenyewe haikuwa na habari. Mwaka ule walicheza Newala, kwenye kiwanja ambacho nyuma ya goli moja ardhi inakatika na kuporomoka hadi bondeni. Nyavu hazikuwapo. Jua linazama, timu ziko sare, ndipo Filemoni, nahodha wa Chuo cha Chini, akaachia shuti. Golikipa wa Juu, kijana mmoja aitwaye Dastani, aliruka asiufikie. Mpira ukapita, ukatumbukia bondeni. Ulipita ndani ya mlingoti au nje yake? Hapo ndipo watu walipogawanyika. Refa alikuwa padri wa Kizungu, mtu mwema kabisa, ila dakika hiyohiyo alikuwa anafuta miwani. Akasema hawezi kuamua jambo ambalo hakuliona. Mechi irudiwe mvua zikiisha, na kikombe kikae kwanza kwa Chuo cha Chini, waliokuwa nacho tangu mwaka uliopita.

Mechi haikurudiwa. Mvua zilipokolea Filemoni alishikwa na homa, akalazwa, akafa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Theodora, mjane wa katekista wa Lulindi, na nyuma yake alibaki msichana mmoja tu, Julia. Theodora alikuwa amemlea kijana huyo kwa jembe lake mwenyewe, akimwona tayari amesimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Sasa akawa anaambiwa achague shuka la kumfungia.

Siku ya mazishi wenzake wa chuo walikuja na kikombe, wakakiweka juu ya jeneza. Walimwambia mama yake kwamba kitakaa kwake mpaka siku ya marudiano, kwa heshima ya nahodha wao. Theodora alikitazama kile kikombe kinavyong'aa, akaona kwamba angalau mwanawe hakuondoka mikono mitupu. Kwa siku ile, hilo lilikuwa ndilo jambo pekee lililompa nguvu ya kusimama.

Sasa, msiba wa Wamakua wa Lulindi bila watani si msiba. Wamakonde wa uwandani ni watani wao tangu babu na babu, na siku ile waliteremka kundi zima, Dastani akiwamo pamoja na mama yake, Maria wa Kitangari. Walifanya kazi zote za watani: walichimba, waliteka maji, walipasua kuni, na kati ya kazi na kazi walifanya vituko. Mmoja alitembea kama Filemoni alivyokuwa anatembea, kifua mbele kama jogoo, hata ndugu wa marehemu wakacheka huku wakilia. Ndiyo dawa yenyewe. Halafu, jeneza lilipofikishwa kaburini, Dastani akaruka ndani ya shimo, akajilaza chali.

"Sitoki humu," akasema. "Huyu mwizi alipiga nje, akasema kafunga. Nipeni kikombe changu, ndipo mzike mtu wenu."

Watu wakacheka. Kisha wakamgeukia Theodora, kwa sababu mtani akidai kaburini hanyimwi, wala hanuniwi. Ukimnunia, umeutia msiba wako mkosi. Mwanamke mwenye akili zake angempa kuku, au kanga, wakavutana kidogo, mambo yakaisha. Lakini siku ile Theodora akili zake zilikuwa ndani ya jeneza. Alikichukua kikombe kwa mikono yake miwili, akainama, akampa. Na akacheka, kwa sauti, kama desturi inavyotaka, machozi yakimwingia mdomoni. Dastani akatoka shimoni, akashika koleo, akamfukia mwenzake huku analia kwikwi.

Kila mtu alijua kwamba ule ulikuwa utani. Dastani mwenyewe, nasikia, alikusudia kukirudisha. Lakini alipofika nacho juu, mkubwa wa chuo chake alikinyakua, akakiweka kabatini penye kioo, na chini yake akaandikisha kwa rangi nyekundu: Mabingwa 1951, na miaka iliyofuata vyuo vikagombea kikombe kingine. Chuo cha Chini walipokwenda kulalamika walijibiwa kwa adabu iliyopita kiasi, kwamba mama wa nahodha wao ndiye aliyekikabidhi, tena mbele ya kaburi, mbele ya padri. Walitaka shahidi gani mwingine?

Lo, hapo ndipo Theodora alipoonja machungu juu ya machungu. Hakuna aliyemsema usoni. Watu wa Lulindi wana heshima zao. Lakini kisimani maneno yalikatika alipofika, na siku moja alimsikia jirani akisema nyuma ya ua kwamba ubingwa wa Lulindi haukuchukuliwa na mtu, ulitolewa sadaka na Mama Filemoni. Neno hilo lilimkaa kifuani. Mwanawe alifunga. Yeye hakuwa na shaka hata chembe. Kijana amefunga goli, amekufa, na mama yake mzazi ndiye aliyelifuta kwa mkono wake.

Utasema, si angekwenda kukidai? Haiwezekani. Kilichochukuliwa na mtani msibani hakidaiwi kwa mdomo. Unangoja. Siku watani wako nao wakifiwa, unakwenda kwao na vituko vyako, unadai, nao watakupa. Theodora akangoja. Kila mtu aliyeteremka kutoka Newala, mwuza mihogo au mgonjwa wa hospitali, alimwamkia vizuri, akamkaribisha maji, kisha akauliza habari za Kitangari. Wazima wote? Na yule mwalimu Dastani, na mama yake, hawajambo? Wakisema hawajambo, alishukuru kwa mdomo. Alijua anangoja nini. Alikuwa anangoja mtu afe. Alipiga magoti kanisani akaomba asamehewe, na akitoka mlangoni akikutana na mtu wa Newala anauliza tena.

Na kila kiangazi, mikorosho ikitoa maua, wanaume walikuja barazani kwake jioni kubishana. Hawakuitwa, walikuja tu, kwa sababu pale ndipo palipokuwa nyumbani kwa goli lile. Walipanga korosho mavumbini: huyu beki, huyu refa na miwani yake, huyu Dastani. Lazima mmoja atainuka. "Filemoni alikuwa hapa," atasema, na ataweka mguu, atageuza bega, atapiga mpira usiokuwapo. Mwingine atasema hapana, Filemoni hakupiga kwa mguu huo. Hata watu wa uwandani waliokuwa wanapita njia walishusha mizigo yao wakaingia vitani. Theodora alikaa jikoni akichochea moto chini ya chungu cha mihogo, akisikiliza jina hilo likirushwa huku na huku, Filemoni, Filemoni, mpaka mihogo inaungua. Ungemwuliza, angekwambia ubishi ule unamtesa.

Miaka ikapita, Julia akawa muuguzi hospitalini. Ndipo siku moja lori la korosho likapinduka kwenye mteremko wa Newala, na juu ya magunia alikuwa amekaa Dastani, ambaye sasa alikuwa mwalimu katika shule ya Mkunya, anarudi likizo. Hakupona. Habari zilifika Lulindi asubuhi. Theodora alipozisikia, Mungu amrehemu, kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwake hakikuwa huruma.

Julia aliliona hilo. "Mama," akasema, "twende tukazike tu. Usiende kwa jambo lile."

"Ni haki yangu," Theodora akajibu, akafunga kanga.

Walipofika Kitangari walikuta uwanja umejaa. Chuo cha Juu walikuwa wamekuja na kikombe, wakakiweka juu ya jeneza la golikipa wao, kama Chini walivyofanya kwa nahodha wao, na mmoja wao alikuwa anasimulia kwamba hapa analala bingwa wa mwaka wa hamsini na moja. Maria alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, nywele hazijafungwa. Theodora alipita mbele yake bila kumtazama. Magoti yake hayakumruhusu kuruka shimoni, kwa hiyo aliketi ukingoni mwa kaburi, akaning'iniza miguu ndani, udongo mwekundu ukamporomokea kwenye kanga.

"Siondoki hapa," akasema. "Huyu alininyang'anya kikombe cha mwanangu. Nipeni, ndipo mzike mtu wenu."

Mkubwa wa chuo akakunja uso, akaanza kueleza kwamba kile ni mali ya chuo. Wazee wa Kitangari walimnyamazisha palepale. Yeye alikuwa mtu wa mbali, hakujua alikuwa anataka kuwatia mkosi gani. Maria akainuka. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akakileta. Na akacheka. Alicheka kwa sauti, ilivyo desturi, na uwanja mzima ukacheka naye.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Theodora hakuhitaji kuambiwa kicheko kile kinatoka wapi na kinapita juu ya nini mpaka kifike mdomoni. Aliinua macho, akamtazama mwenzake kwa mara ya kwanza siku ile.

"Pokea, mwenzangu," Maria akasema chini kwa chini. "Wangu hana kazi nacho tena."

Theodora alitamani kukirudisha juu ya lile jeneza. Alitamani kusema wacheni, nilikuwa natania tu. Lakini mtani akishapewa hakatai, na jua lilikuwa linakwenda, na maiti anangoja. Akapokea. Kisha alishika koleo akafukia pamoja na wengine, na alilia, na safari hii alikuwa anamlilia Dastani kweli.

Lulindi walimpokea kwa vigelegele. Mtu aligonga kengele ya kanisa bila ruhusa. Wale waliokuwa wanakatisha maneno kisimani walimtwisha ndoo. Chuo cha Chini walikitengenezea kikombe kabati jipya, Chuo cha Juu wakafuta rangi yao nyekundu, na wakubwa wa vyuo wakapeana mikono mbele ya wanafunzi na kutangaza kwamba ubingwa wa mwaka ule ni wa Chini, moja kwa moja, na asisikike mtu tena. Theodora usiku ule alilala usingizi ambao alikuwa hajaulala kwa miaka mingi. Ubishi ulikuwa umekwisha.

Ulikwisha kweli. Kiangazi kilichofuata mikorosho ilitoa maua, Theodora akafagia baraza, akachemsha mihogo, akangoja. Hakuja mtu. Wanaume walipita njiani wakiongea habari za TANU, za kura, za Mwingereza anaondoka lini, wakamsalimu vizuri sana, wakaenda zao. Mihogo ikapoa. Kesho yake akachemsha tena. Julia akirudi kazini alikuta chungu kimejaa na mama yake amekaa kwenye giza, anatazama njia. Alimwuliza kuna nini, akasema si kitu.

Ilikuwa kitu. Siku zile ndipo alipoelewa kwamba miaka yote ile mwanawe alikuwa hajafa. Kila mwaka alikuwa anasimama pale barazani, anageuza bega, anapiga, na maadamu mpira ule haukuwa ndani wala nje, ilibidi apige tena mwaka ujao. Sasa umeingia, imetangazwa, watu wameridhika. Hakuna mwenye haja ya kumwinua tena. Wengine walimzika zamani, wakati ule wa mvua. Yeye amemzika mwaka jana, na hata hakujua kama yuko kwenye mazishi.

Mechi ya mwaka ule ilichezwa kwa Chuo cha Chini. Theodora alikwenda, ingawa tangu kijana afe hakuwahi kukanyaga kiwanjani. Wakati wa mapumziko alikwenda hadi walipokuwa wamekaa vijana wa Lulindi na wa Newala wamechanganyika, pamoja na mwalimu mgeni, Bonifasi, aliyeletwa mwaka huo kutoka mbali.

"Mwaka wa hamsini na moja," Theodora akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "ule mpira ulipita nje."

Akangoja. Zamani neno hilo lingemwinua mtu wa Lulindi hata kitandani. Vijana walitazamana.

"Nasema ulipita nje. Mwanangu hakufunga."

Mmoja wa Newala alitabasamu kwa adabu, akatazama chini. Mwingine alikuwa anamenya chungwa, akaendelea kumenya. Bonifasi akainuka haraka, akamtolea mama mtu mzima kiti chake, akakipangusa kwa leso. Yeye hapa alimjua mtu mmoja tu wa nyumba ya mama huyo, yule muuguzi aliyemfunga kidonda juma lililopita.

"Shikamoo," akasema. "Hayo yamekwisha, Mama Julia. Keti."

"Marahaba," Theodora akaitika, akaketi.