Ushanga wa Hatsue

"Kuna kitu kigumu ndani ya jeneza, mzee?" aliniuliza Sakuma, ofisa wa tanuri la kuchomea maiti, glavu nyeupe mikononi.

Nikasema hakuna, nikatia saini. Wakubwa hawa wanapenda saini kuliko watu. Lakini ndani ya mkono wa kimono cha mke wangu Hatsue nilikuwa nimeficha ushanga wake wa pembe ya kulungu, uliokuwa ukibana kamba ya mfuko wake. Niliutoboa mwenyewe karakanani, tukiwa wachumba. Nilitaka aende nao, basi.

Saa nzima na nusu ya kusubiri moto umalize, sikukaa. Dirishani, mlangoni, tena dirishani.

"Shemeji, tulia! Umekuwa feni?" alisema Kinuyo, dada yake Hatsue. "Chai yako imepoa."

"Kunywa wewe."

Tukaitwa. Mifupa ilikuwa myeupe juu ya sinia la chuma. Kila mtu na vijiti vyake, ndiyo desturi yetu. Wawili wawili tunanyanyua mfupa mmoja, tunautia kwenye chungu cha kuzikia, tukianzia miguuni. Hatujagusa kitu, Sakuma akaokota kidonge cha duara, akakitupa kwenye boksi la misumari ya jeneza.

"Hiki si cha marehemu. Kijiwe tu. Kitaenda na mabaki."

"Mabaki yanakwenda wapi?"

"Mji unashughulikia."

Mji huohuo ulimwambia Hatsue asubiri barua ya majibu ya kipimo cha ugonjwa wake. Barua ilifika jana, yeye akiwa jenezani.

"Lete nikione."

Nikakigeuza kwenye taa. Mimi mchonga pembe najua: kingekuwa jino la tembo, moto ungekiachanisha matabaka kama kitunguu. Hiki kilikuwa na ufa tu, na kwenye ufa vitundu vidogo kama vya mkate. Tundu la kamba lilienda upande. Kazi ya mkono wangu hiyo. Siku ile nilikuwa namtazama yeye badala ya keekee ya kutobolea.

"Ni pembe," nikasema. "Niliificha mimi."

"Mzee, si ulisaini?"

"Nilisaini uongo."

Kinuyo akanikazia macho. "Mjinga wewe. Ungeniambia, ningekushonea ndani ya kimono." Akamgeukia Sakuma. "Pembe ya kulungu ni mfupa, si mfupa?"

"Ni mfupa, mama, ila utaratibu..."

"Basi tunaokota mifupa."

Nikauweka ushanga kwenye sinia, Kinuyo akaleta vijiti vyake upande wa pili. Nikaubana kwa vyangu, mara mbili ukaniponyoka.

"Shika, shemeji, shika!"

Ukaingia chunguni, ukalia. Sakuma akatazama saa. Mlangoni familia nyingine iliyosubiri zamu ilishaanza kukohoa.

"Haya," akasema, "miguu."

Tukaanza miguu.